Kiwanda cha kostiki kooni: historia ya kibetri cha rimoti

Wiki mbili zilizopita mhariri alinipa kazi ndogo ya kufupisha habari moja ya nje kuhusu sheria za zile betri ndogo za mviringo, za saa na rimoti, ambazo watoto huzimeza. Nikaandika aya sita. Gazetini zikatoka mbili, zimebanwa chini ya tangazo la viwanja. Sina ugomvi na hilo, nafasi gazetini ni pesa. Ila katika kuhangaika na zile aya sita nilijikuta nimerudi nyuma hadi mwaka 1800, na niliyoyakuta huko hayanitoki kichwani. Hapa kwangu hakuna tangazo la viwanja, kwa hiyo kaeni vizuri, leo ni ndefu kidogo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Muulize mtu yeyote kwenye daladala kwa nini betri ni hatari ikimezwa, atakwambia ina sumu ndani, ikipasuka tumboni sumu inamwagika. Jibu hilo si la kipuuzi, madaktari wa Marekani nao waliwaza hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini muuaji mkubwa hayumo ndani ya betri. Anatengenezwa nje yake, pale pale kooni, kwa majimaji ya mwili wa mtoto mwenyewe. Betri inaweza kuwa nzima kabisa, haijavuja hata tone, na bado ikatoboa koo. Kinachofanya kazi hiyo ni umeme mdogo mno, ambao ukiishika betri hiyo mkononi huusikii kabisa.

Na hili, jamani, lilijulikana zamani. Zamani sana.

Tarehe 20 Machi 1800, profesa mmoja wa Kiitaliano, Alessandro Volta, aliandika barua kwenda kwa rais wa Royal Society ya London. Alieleza kifaa alichokiunda kwa kupanga visahani vya zinki na vya fedha au shaba, kimoja juu ya kingine, na katikati yake vipande vya kadibodi vilivyolowekwa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza duniani. Volta alikuwa na tabia ya kuonja umeme kwa ulimi, yaani anagusisha metali mbili ulimini na kusikilizia ladha. (Wale wenzangu mliokuwa mnalamba betri ya mraba ya volti 9 kujua kama ina moto, mko kwenye ukoo wa heshima.) Aliyemjibu kwamba yule chura wa Galvani hana umeme wake wa ajabu ni yeye, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Barua ilipofika London, kabla hata haijachapishwa, Waingereza wawili walikimbilia kuunda mnara wao. Mmoja aliitwa William Nicholson. Wa pili aliitwa Anthony Carlisle, na huyu shikeni kazi yake: alikuwa daktari wa upasuaji. Katika kuchezea kifaa wakaweka tone la maji pale waya unapogusana na metali, wakaona viputo. Wakaingiza nyaya mbili kwenye bomba la kioo lenye maji, upande mmoja ukatoa haidrojeni, na oksijeni nayo ikajitenga kwenye waya wa pili. Maji yalikuwa yanavunjwa kwa umeme. Mwaka huo huo mtafiti mwingine, William Cruickshank, akagundua kwamba ukitumia maji yenye chumvi, upande mmoja wa waya yale maji yanageuka kuwa alkali. Na mwaka 1807 Humphry Davy akaenda kinyumenyume, akachukua kostiki soda yenyewe, akaipitishia umeme, akapata metali mpya akaiita sodiamu.

Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni hii. Chukua betri, iweke kwenye maji ya chumvi. Upande wake hasi utaanza kutengeneza kostiki soda. Maji huanza kuvunjika hivyo kuanzia takriban volti 1.23. Na mwili wa binadamu, ukiuangalia kwa jicho la Cruickshank, ni mfuko wa maji ya chumvi. Mate ni maji ya chumvi. Ute wa kwenye koo ni maji ya chumvi.

Kwa hiyo sayansi yote ya betri iliyokwama kooni ilikuwepo mezani mwaka 1800, na mmoja wa waliokuwepo pale mezani alikuwa daktari wa upasuaji. Simlaumu Carlisle. Betri ya wakati huo ilikuwa na urefu wa mkono, hakuna mtoto angeimeza.

Sasa tuiache betri kidogo, twende kwenye kostiki.

Wale mnaotengeneza sabuni za kienyeji mnaijua vizuri kuliko mimi. Ile chengachenga nyeupe, ukiikosea inakula ngozi. Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bidhaa ya kawaida ya jikoni. Akina mama waliitumia kuzibua mabomba, kusafisha, kuchemshia sabuni. Ilikuwa inauzwa kwenye makopo kama bidhaa nyingine yoyote ya dukani, na kopo lililoachwa wazi mtoto aliliona kama la sukari. Mtoto akionja hafi palepale. Koo linaungua, linafanya kovu, kovu linajikaza, na baada ya wiki kadhaa njia ya chakula inakuwa nyembamba kama ya sindano. Kuna watoto walikufa kwa njaa na kiu ndani ya nyumba zenye chakula.

Daktari aliyekutana na hawa watoto kuliko wengi ni Chevalier Jackson, aliyezaliwa mwaka 1865 karibu na Pittsburgh. Huyu bwana alikuwa mtu wa ajabu kidogo, mchoraji, mchonga mbao, hanywi pombe, haongei sana. Aliboresha mirija yenye taa ya kuchungulia kooni na kwenye mapafu, na kwa mirija hiyo alitoa vitu ambavyo kabla yake vilikuwa hukumu ya kifo. Na hakutupa hata kimoja. Vipo mpaka leo kwenye Mütter Museum ya Philadelphia, vitu 2,374 vimepangwa kwenye droo: pini, sarafu, vifungo, mifupa, meno ya bandia. Kuna hata medali yenye maneno ya Kiingereza yanayomaanisha "nibebe nikuletee bahati". Mwenye medali aliimeza.

Kuna kisa amekieleza kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1938, nakisimulia kwa maneno yangu. Aliletewa mtoto wa kike aliyekuwa amekunywa kostiki, kwa muda hakuweza kumeza hata maji. Jackson akaingiza mrija, akavuta kitu kama donge la kijivu, mchanganyiko wa chakula na nyama iliyokufa. Kisha nesi akamletea mtoto glasi ya maji. Mtoto akaonja kidogo kwa woga, akisubiri yarudi. Hayakurudi. Akanywa tena, na tena. Halafu akausogeza taratibu mkono wa nesi, akaushika wa daktari, akaubusu.

Nadhani ni kisa hicho, na vingine kama hicho, vilivyomtoa Jackson kwenye chumba cha upasuaji na kumpeleka kwenye siasa. Kwa miaka mingi alizunguka akidai kitu kimoja tu, kopo la kostiki liandikwe neno "sumu" na maelezo ya nini cha kufanya mtu akimeza. Tarehe 4 Machi 1927 Rais Calvin Coolidge akasaini sheria hiyo. Mwaka 1970 Wamarekani wakaongeza sheria nyingine, ya vifungashio ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, ndiyo hivi vifuniko vya chupa za dawa vya kubonyeza-zungusha ambavyo hata bibi yako vinamshinda.

Hapo ungesema vita imeisha. Kostiki imefungiwa kwenye chupa. Lakini wakati wanasheria wanaifungia, wahandisi walikuwa wanajenga kiwanda kidogo cha kuitengeneza upya, kidogo kiasi cha kuingia mdomoni.

Kiwanda hicho kina babu yake vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipata tabu kwenye nchi za joto, betri zilikuwa zinakufa stoo hata kabla ya kutumika. Mvumbuzi mmoja wa New York, Samuel Ruben, akatengeneza betri ndogo ya zebaki iliyovumilia joto, akishirikiana na kampuni ya Mallory, ambayo baadaye ndiyo ilizaa jina la Duracell. Vita ikaisha, teknolojia ikabaki. Ikaingia kwenye vifaa vya kusaidia wazee kusikia, ikaingia kwenye kamera. Januari 1957 kampuni ya Hamilton ya Pennsylvania ikatoa saa ya kwanza ya mkononi inayotumia betri badala ya kutiwa ufunguo. Chevalier Jackson alifariki mwaka uliofuata, 1958. Walipishana mlangoni.

Siku ya Krismasi 1969 Seiko wa Japani wakaleta saa ya kwatzi, bei yake yen 450,000, yaani bei ya gari dogo la Toyota. Baada ya hapo ni mteremko. Miaka ya 1970 bei ilianguka mpaka saa ya betri ikawa kitu cha kugawa kama zawadi. Vikokotoo, vitoto vya michezo ya elektroniki, kadi zinazoimba. Kila kifaa na kifungo chake.

Mwaka 1977 ikachapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani ripoti ambayo huwa inatajwa kama ya kwanza ya kifo. Mtoto mdogo, betri ya kamera, umio. Ukitazama tarehe utaona kwamba tangu saa ya Hamilton ilikuwa imepita miaka 20.

Mwaka 1982 kituo cha sumu cha Washington, National Capital Poison Center, kikaanza kupokea na kuandika kila taarifa ya betri iliyomezwa, na kikafungua namba ya simu ya dharura kwa ajili hiyo tu. Mwanamke aliyesimamia kazi hiyo kwa miongo mitatu na zaidi anaitwa Dk. Toby Litovitz, na kama mimi ndiye ningekuwa nagawa medali angepata moja. Kazi yenyewe haina mvuto. Unapigiwa simu, unaandika: umri, aina ya betri, ilitoka kwenye kifaa gani, imekaa wapi, imetokaje, mtoto yukoje. Halafu unasubiri, unapiga simu kufuatilia, unaandika tena. Hakuna anayekupiga picha.

Na mwanzoni takwimu zake zilikuwa za kutuliza. Mwaka 1992 walichapisha uchambuzi wa visa 2,382. Hakuna hata kifo kimoja. Betri nyingi zilipita zenyewe na kutokea kule zinakotokea vitu vyote. Hofu iliyokuwepo ni ya zebaki, na mwaka 1996 Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa vibetri vya zebaki. Ungekuwa mwandishi wa habari mwaka ule ungeandika kichwa cha habari "Betri za watoto si tishio" na ungekuwa na ushahidi mkononi.

Kilichobadilika ni ukubwa na nguvu. Vibetri vya miaka ile vilikuwa na upana wa milimita 11 hivi, volti 1.5. Koo la mtoto wa miaka miwili linavipitisha. Lakini Wajapani walikuwa wameanza tangu miaka ya 1970 kutengeneza betri za lithi, nyembamba, pana, zinazokaa na chaji kwa miaka, na zenye volti 3. Geuza rimoti ndogo bapa uliyonayo utakuta imeandikwa CR2032 au CR2025. Si namba ya siri. C ni aina ya kemikali yake, R ni umbo la mviringo, 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene, milimita 3.2. Hiyo 20 ndiyo neno lenyewe. Milimita 20 ni upana ambao mtoto mdogo anaweza kuumeza lakini umio wake hauwezi kuushusha. Inakwama. Na volti 3 ni zaidi ya mara mbili ya zile 1.23 za kuvunja maji.

Mwaka 2010 Litovitz na wenzake wakachapisha hesabu mpya, na hii ndiyo iliyoniondolea usingizi. Kati ya 1985 na 2009, sehemu ya visa vilivyoishia kwenye madhara makubwa au kifo ilikuwa imeongezeka mara 6.7. Betri zenye upana wa milimita 20 hadi 25 zilikuwa asilimia 1 tu ya zilizomezwa mwaka 1990. Mwaka 2008 zilikuwa asilimia 18. Katika watoto wa chini ya miaka 6 waliomeza betri ya lithi ya milimita 20, asilimia 12.6 waliumia vibaya au walifariki. Muda wa kuungua vibaya: saa mbili mpaka mbili na nusu. Majaribio ya maabara kwenye nyama za wanyama yanaonyesha uharibifu unaanza ndani ya dakika 15.

Na hii hapa wazazi mnaosoma isomeni mara mbili. Katika visa vilivyoishia kwenye kifo, asilimia 54 daktari wa kwanza hakujua kwamba ni betri. Siyo kwa uzembe. Hakuna aliyemwona mtoto akimeza, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hasemi. Anakohoa, anatoa udenda, anakataa kula, ana homa kidogo. Nani kati yetu asingesema ni mafua? Hata picha ya eksirei ina mtego wake, kwa sababu betri kooni inaonekana kama sarafu. Tofauti ni kwamba ukichungulia vizuri ukingo wa betri una duara mbili, moja ndani ya nyingine. Mtu aliyechoka zamu ya usiku anaweza kuipita.

Kinachoua mwisho si kuungua kwenyewe. Nyuma ya umio, umbali wa kidole, kuna mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo. Alkali inakula ukuta wa umio mpaka inafika kwenye mshipa. Wakati mwingine betri imeshatolewa, mtoto amerudi nyumbani anacheza, na siku au wiki baadaye anatapika damu. Uharibifu mkubwa huwa upande hasi, ule mdogo usio na maandishi. Cruickshank alishasema.

Sasa turudi kwetu, maana najua kuna mdau atauliza haya ya Philadelphia yanatuhusu nini.

Sisi tuna mazoea yetu na betri, na ni mazoea ya upendo. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na betri kubwa za National za redio na tochi. Betri ilikuwa mali. Ikichoka inaanikwa juani, wengine wanaigonga na jiwe, wengine wanaing'ata kidogo, inapata pumzi ya taarifa ya habari na salamu za jioni. Ikifa kabisa anapewa mtoto, inakuwa tairi la gari la mabati. Mimi mwenyewe nimeendesha lori la aina hiyo na sikudhurika, kwa sababu betri ya ukubwa ule haimezeki. Tumerithi imani kwamba betri iliyokufa ni kitu cha kuchezea, na imani hiyo tumeihamishia kwenye betri ambayo ni mnyama mwingine kabisa.

Halafu vifaa vilituingia kwa mkupuo. Saa za dijitali zilifurika wakati wa ruksa ya Mzee Mwinyi. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994, na baada ya hapo kila sebule ikawa na rimoti. Leo hesabu tu nyumbani kwako: rimoti ya redio ya gari, ya feni, ya zile taa za rangi za ukutani, alamu ya gari, mzani, kipimajoto kilichonunuliwa wakati wa korona, mashine ya kupima sukari ya mzee, mshumaa wa plastiki wa birthday, mdoli anayelia, viatu vya mtoto vinavyowaka taa. Wachina wametuuzia mwanga kwa bei ya maandazi, na kifuniko cha betri mara nyingi hakina hata skrubu.

Kwa dada yangu Tabata kuna rimoti ya taa ambayo kifuniko chake kilipotea kitambo, betri imeshikiliwa na selotepu. Mpwa wangu ana mwaka mmoja na miezi kumi. Rimoti hiyo ndiyo anayopewa akilia, kwa sababu ya kweli ya televisheni anaibadilishia baba yake chaneli. Nilipomweleza dada akaniangalia kama nimemletea habari ya freemason. "We Kaka, mbona sisi tulikuwa tunacheza na betri?" Nikamwambia soma upana. Akatoa selotepu, akasoma 2025, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Shemeji siku hizi anawasha taa kwa kupanda stuli.

Kuhusu nini cha kufanya, mimi si daktari, nanukuu miongozo tu ya kituo kile kile cha Washington. Ukihisi mtoto amemeza betri, ni hospitali sasa hivi, yenye eksirei, si kesho asubuhi na si kusubiri itoke. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji. Kuna kitu kimoja kinachoruhusiwa njiani, nacho kiliwafurahisha sana wazee nilipowahadithia: asali. Mwaka 2018 madaktari wa Philadelphia na Ohio walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa nguruwe wadogo, wakijaribu vitu vingi vya kupooza alkali, na asali ikaibuka kati ya vilivyofanya vizuri. Ina asidi kidogo, na inajipaka na kukaa kati ya betri na nyama. Mwongozo unasema mililita 10, kama vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, mara 6 mwisho, kwa mtoto aliyefikisha mwaka mmoja anayeweza kumeza, na kama hazijapita saa 12. Chini ya mwaka mmoja hapana, asali inaweza kumletea sumu nyingine mbaya. Na asali haitibu, inanunua muda. Usizunguke mtaa kutafuta asali wakati bodaboda iko mlangoni. Na aliyeingiza kibetri puani au sikioni naye ni wa kukimbizwa, kule nako kunaungua.

Sheria zimekuja taratibu. Australia walikuwa wa kwanza duniani kuweka kanuni za lazima kwa bidhaa zote za nyumbani zenye vibetri hivi, zilianza kufanya kazi tarehe 22 Juni 2022. Marekani walifuata Agosti mwaka huo huo, Rais Biden akasaini sheria inayoitwa Sheria ya Reese. Reese ni jina la mtoto wa kike wa Texas aliyefariki Desemba 2020, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Betri ilitoka kwenye rimoti. Mwanzoni alidhaniwa ana ugonjwa wa kawaida wa koo. Mama yake ndiye aliyebisha hodi za wabunge mpaka sheria ikapita. Sheria inataka kifuniko kifunguke kwa bisibisi au kwa vitendo viwili tofauti vya mikono kwa wakati mmoja, maonyo yaandikwe, na pakiti ya betri ipite kipimo kile kile cha vifungashio vya mwaka 1970. Kwa hiyo hata madai ya Jackson yamo humo, yamevalishwa nguo mpya. Kutoka ripoti ya 1977 mpaka saini ile ni miaka 45. Kampuni nazo zimeanza kupaka betri kitu kichungu mno, kiligunduliwa Uskochi mwaka 1958, ili mtoto ateme. Ni wazo zuri, ingawa mtoto wa miaka miwili ninayemjua mimi alikula pilipili kwa hiari yake.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kwa fundi saa mmoja, ana meza yake chini ya mwavuli na kioo cha kukuza jichoni. Nilimuuliza betri anazozitoa anazipeleka wapi. Akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya meza, limejaa zaidi ya nusu. "Watoto wa hapa wananiomba, wanachezea kombolela," akasema. "Si zimekufa hizo, mdogo wangu."

Nikamwomba mita yake tupime. Ya kwanza ya saa ikasoma 1.1. Ya pili 1.3. Ya tatu ilikuwa pana, CR2032, mteja aliiacha kwa sababu rimoti ilikuwa haifungui gari. Ikasoma 2.7. Fundi akaigeuza, akapima tena, ikarudia ile ile. Akauliza kifuniko cha kopo kiko wapi, tukaanza kukitafuta chini ya meza.